Mtoto Mwenye Pumu au Mzio, na Ugonjwa wa Korona

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, na ninaongea nanyi kutoka hapa Kimumu, kando ya barabara ya Eldoret kwenda Iten. Kama uko jikoni, endelea na kazi yako huku ukisikiliza. Kama una kalamu na karatasi, ziweke karibu, kwa maana leo kuna mambo ya kuandika.

Mada yetu ya leo inatokana na swali ambalo akina mama huniuliza mara kwa mara kliniki. Mama husema, "Sista, mtoto wangu ana pumu. Je, korona haitamshika upesi kuliko watoto wengine?" Mwingine husema, "Wangu hupiga chafya kila asubuhi, ana aleji ya vumbi. Je, yuko hatarini?" Haya ni maswali mazuri, na leo tutayajibu.

Huenda unajiuliza kwa nini tuzungumzie korona wakati huu. Ni kweli kwamba siku zile ngumu zimepita. Mgonjwa wa kwanza nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Shule zikafungwa, kukawa na kafyu, na sote tukavaa barakoa. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya dharura imekwisha. Lakini kwisha kwa dharura si kwisha kwa virusi. Virusi vya korona bado viko kati yetu, vikizunguka pamoja na virusi vya mafua, na mtoto mwenye kifua dhaifu anahitaji mlezi anayeelewa.

Mzio ni nini, na pumu ni nini?

Mzio, ambao wengi wetu huuita aleji, ni pale mwili unapopigana na kitu ambacho si adui. Vumbi, chavua ya maua na nyasi, manyoya ya paka au chakula fulani, vyote havimdhuru mtu wa kawaida. Lakini mwili wa mwenye mzio huviona kama wezi walioingia nyumbani. Ndipo macho huwasha, pua hutiririka kamasi nyepesi, mtu hupiga chafya mfululizo au ngozi hutoka vipele.

Pumu ni ugonjwa wa mirija ya kupitisha hewa kifuani. Mirija hiyo huwa imevimba kidogo kwa ndani hata siku ambazo mtoto anaonekana mzima. Akikutana na kitu kinachoichokoza, misuli ya mirija hukaza, uvimbe huongezeka na makohozi huziba njia. Hewa hupita kwa shida, na kifua hulia kama filimbi. Watu wengi wenye pumu wana mzio pia, lakini si kila mwenye mzio ana pumu.

Msidhani haya ni magonjwa ya wazungu au ya watu wa mijini tu. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Moi, wakiongozwa na Profesa Fabian Esamai, walichunguza pumu na mzio kwa wanafunzi wa hapa Uasin Gishu, na uchunguzi ukarudiwa mwaka 2001. Eldoret ilikuwa sehemu ya utafiti mkubwa wa dunia nzima juu ya pumu na mzio kwa watoto. Ilionekana wazi kwamba magonjwa haya yapo katika madarasa yetu.

Nasi tunajua vichokozi vyetu. Januari na Februari ni vumbi la barabara. Mvua zikija, nyasi na mahindi yanachanua na chavua inapepea. Julai na Agosti ni baridi, maana Eldoret iko juu, karibu mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na watu hufunga madirisha na kuwasha jiko la makaa ndani. Oktoba hadi Desemba ni mavuno, na vumbi la mahindi yanayopukuchuliwa hujaa hewani.

Je, mwenye mzio huambukizwa korona kwa urahisi zaidi?

Jibu ni hapana. Mzio wa vumbi, wa chavua au wa chakula haumfanyi mtu ashikwe na korona upesi kuliko jirani yake.

Na pumu je? Mwaka 2020 madaktari wengi duniani walikuwa na hofu kubwa, na hofu hiyo ilikuwa na sababu. Tunajua kwamba virusi vya mafua ya kawaida huamsha pumu kuliko kitu kingine chochote kwa watoto. Kwa hiyo wengi walidhani korona ingewamaliza wenye pumu. Lakini utafiti ulipofanywa, mambo hayakuwa hivyo. Nchini Marekani, familia karibu 1,400 zilifuatiliwa kutoka Mei 2020 hadi Februari 2021. Watoto na watu wazima walipimwa tena na tena nyumbani kwao. Wenye pumu hawakuambukizwa zaidi ya wasio na pumu. Wenye mzio wa chakula waliambukizwa kidogo hata kuliko wengine.

Kwa nini iwe hivyo? Virusi vya korona huingia mwilini kwa kushika kitu kama kitasa cha mlango kilicho juu ya chembe za pua na mapafu. Wanasayansi wameona kwamba baadhi ya watu wenye mzio wana vitasa vichache katika njia zao za hewa. Huenda hiyo ni sababu mojawapo. Lakini mama, tafadhali usiichukue habari hii kama ngao. Mzio si chanjo. Mwenye mzio huambukizwa korona kama mtu mwingine yeyote.

Basi hatari iko wapi?

Hapa ndipo ninaomba usikilize kwa makini. Hatari iko kwa mtoto ambaye pumu yake haijadhibitiwa.

Watafiti wa Scotland walitazama kumbukumbu za watoto wa miaka 5 hadi 17. Waliona kwamba watoto wenye pumu iliyotulia hawakuwa tofauti sana na watoto wengine. Waliokuwa katika hatari zaidi ya kulazwa kwa sababu ya korona ni wale ambao pumu yao ilikuwa imewalaza hospitalini siku za karibuni, au waliokuwa wamepewa vidonge vya steroidi mara kwa mara kwa sababu ya mashambulizi makali.

Nitakupa mfano. Fikiria nyumba mbili katika mvua moja. Ya kwanza paa lake limezibwa vizuri. Ya pili ina matundu. Mvua ni ile ile, lakini asubuhi wa nyumba ya pili ndio wanaoteka maji sakafuni. Korona, au hata mafua ya kawaida, ni hiyo mvua. Dawa ya kila siku ya pumu ndiyo paa.

Utajuaje kwamba pumu ya mtoto haijadhibitiwa? Jiulize maswali haya manne kuhusu wiki 4 zilizopita:

1. Je, amekohoa au kifua kimelia mchana zaidi ya mara 2 kwa wiki?
2. Je, ameamka usiku kwa kukohoa au kukosa pumzi?
3. Je, ametumia pampu ya kutuliza zaidi ya mara 2 kwa wiki?
4. Je, ameshindwa kukimbia na kucheza kama wenzake?

Kama umejibu ndiyo hata kwa swali moja, mpeleke kliniki wiki hii. Usingoje ashambuliwe.

Nitatofautishaje mzio, pumu na korona?

Kwanza tuelewane kuhusu neno moja. Wengi wetu tukisema homa tuna maana ya mafua. Leo nikisema homa, nina maana ya joto la mwili kupanda.

Mzio huwasha. Macho, pua, koo, vyote huwasha. Kamasi ni nyepesi kama maji. Hakuna homa. Hali hiyo huja na kuondoka kwa wiki nyingi, na mara nyingi unaweza kusema kilichoileta: amefagia, amelala na paka, amecheza kwenye nyasi.

Pumu hubana. Kifua hulia kama filimbi, mtoto hukohoa zaidi usiku au alfajiri, na hupata nafuu akipewa pampu ya kutuliza. Pumu peke yake haileti homa.

Korona huchosha. Mara nyingi huja na homa, kikohozi, koo kuuma, kichwa na mwili kuuma, na uchovu. Wengine hutapika au kuhara. Wengine hupoteza uwezo wa kunusa na kuonja ghafla. Na mara nyingi kuna mtu mwingine nyumbani au shuleni aliyeugua kabla yake.

Lakini dalili hizi zinaweza kuchanganyika. Mtoto mwenye pumu akipata korona au mafua, pumu nayo huamka. Na homa inaweza kuwa malaria au nimonia, hasa kama mtoto ametoka safari ya maeneo yenye mbu wengi. Kwa hiyo mtoto mwenye homa apelekwe akapimwe. Usikisie nyumbani, na usimpe dawa iliyobaki ya ndugu yake.

Usiiache pampu

Mwaka 2020 kulikuwa na akina mama walioogopa kupeleka mtoto anayekohoa hospitali, wakihofia kuwekwa karantini. Wengine waliificha pampu ili majirani wasiseme mtoto ana korona. Hata leo wapo wanaoificha. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Pumu haiambukizi. Hakuna haya ndani yake.

Kuna pampu za aina mbili, na ni muhimu uzijue.

Ya kwanza ni ya kutuliza. Mara nyingi ni ya rangi ya buluu na imeandikwa salbutamol. Hii hufungua mirija kwa dakika chache. Hutumika mtoto anapobanwa.

Ya pili ni ya kukinga. Mara nyingi ni ya rangi ya kahawia, na ndani yake mna steroidi kidogo. Hii hupunguza uvimbe polepole. Hutumika kila siku, asubuhi na jioni au kama ulivyoandikiwa, hata kama mtoto ni mzima kabisa. Baada ya kuitumia, asukutue mdomo kwa maji na kuyatema.

Wengi huacha pampu ya kukinga mtoto akipata nafuu. Hapo ndipo paa linapotoboka. Wengine huogopa kwamba steroidi itapunguza kinga ya mwili na kuiita korona. Dawa hiyo ni kidogo sana na huenda moja kwa moja kifuani. Kuiacha ndiko kunakoleta hatari. Na wale wanaosema kwamba pampu humfanya mtoto awe mtumwa wake, au kwamba ni ya watu wanaokaribia kufa, hawasemi kweli. Mtoto hawi mtumwa wa pampu kama vile mtu asiyeona vizuri hawi mtumwa wa miwani.

Chupa ya kusaidia kuvuta dawa

Mtoto akipuliziwa pampu mdomoni moja kwa moja, dawa nyingi hubaki kooni. Inafaa ipitie kwenye chombo chenye nafasi. Cha dukani ni ghali kwa wengi, lakini mwaka 1999 watafiti wa Cape Town, Afrika Kusini, walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500 inaweza kufanya kazi hiyo vizuri.

Osha chupa kwa maji ya sabuni, iache ikauke. Toboa tundu kwenye kitako, linalotosha mdomo wa pampu bila kuacha mwanya. Tikisa pampu, iingize kwenye tundu. Mtoto afunge midomo kwenye shingo ya chupa. Puliza mara 1, naye avute na kutoa pumzi polepole mara 5 au 6. Kisha rudia. Mtoto mdogo asiyeweza kushika chupa kwa midomo anahitaji kifuniko cha uso. Mwombe muuguzi akuonyeshe mara ya kwanza. Kila mtu awe na chupa yake, hasa wakati wa mafua.

Mambo ya nyumbani yanayodhuru kifua

Tangu korona ije, tumejifunza usafi, na hilo ni jema. Lakini mengine tuliyoyafanya kwa nia njema huumiza kifua chenye pumu.

Jik na dawa nyingine za kuua viini zina harufu kali. Usizinyunyize hewani wala kuzichanganya na dawa nyingine ya usafi. Zitumie mtoto akiwa nje, fungua mlango na dirisha, na umrudishe ndani harufu ikiisha. Kwa mikono, maji na sabuni vinatosha.

Kujifukiza kwa mvuke wa majani, ndimu au dawa ya kuchua hakuui korona. Mvuke na harufu vinaweza kuamsha pumu, na maji ya moto yameunguza watoto wengi. Usimfunike mtoto blanketi juu ya sufuria.

Jiko la makaa ndani ya nyumba ya kupanga ya chumba kimoja ni adui mara mbili. Moshi huchokoza mirija, na hewa ya sumu isiyo na harufu huweza kuua waliolala. Liwashe nje na upikie nje au mahali penye hewa. Usilale nalo ndani. Sigara nayo isivutwe ndani ya nyumba yenye mtoto.

Barakoa haimnyimi mtoto hewa kama pumu yake imetulia, lakini watoto wa miaka 5 kushuka chini hawahitaji kuvaa. Mtu mzima mwenye mafua ndiye avae anapomhudumia mtoto.

Chanjo na mzio

Swali lingine: "Nina aleji, naweza kuchanjwa?" Ndiyo. Pumu, mzio wa vumbi, wa chavua, wa mayai au wa chakula kingine havikuzuii kupata chanjo ya korona. Anayezuiwa ni yule aliyewahi kupata mzio mkali sana baada ya dozi ya chanjo hiyo, au anayejulikana kuwa na mzio mkali wa kiungo kilichomo. Mweleze muuguzi kabla ya kuchomwa sindano. Baada ya chanjo, kaa pale kituoni dakika 15. Kama umewahi kupata mzio mkali wa kitu chochote, kaa dakika 30. Na chanjo za kawaida za mtoto zisikose, hasa ya surua na ya nimonia.

Dalili za hatari: andika hizi

Mpeleke mtoto hospitali mara moja, iwe mchana au usiku, ukiona:

- Anapumua haraka kuliko kawaida. Hesabu pumzi kwa dakika 1 nzima akiwa ametulia. Chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi. Miezi 2 hadi 11: pumzi 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi miaka 5: pumzi 40 au zaidi.
- Kifua kinaingia ndani chini ya mbavu anapovuta pumzi.
- Hawezi kunyonya au kunywa, au anatapika kila kitu.
- Hawezi kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi.
- Midomo au ulimi unageuka rangi, kuwa wa samawati au kijivu.
- Amelegea, ni vigumu kumwamsha, au amepata degedege.
- Amepuliziwa pampu ya kutuliza hadi mara 10 kupitia chupa na hapati nafuu, au nafuu haidumu saa 4.

Ukiwa njiani, endelea kumpulizia pampu ya kutuliza. Mkalishe wima, usimlaze chali. Na kumbuka: kifua kilichokuwa kikilia kikinyamaza ghafla huku mtoto akiwa bado anahangaika, hiyo si nafuu. Hewa haipiti. Kimbia naye.

Usingoje mume arudi, wala usingoje kupambazuke. Kubaliana mapema na jirani mwenye gari au pikipiki, na uweke akiba ya nauli mahali unapopajua. Hapa kwetu, kituo cha karibu kinaweza kumpa oksijeni au kumtuma hadi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret.

Kwa kumalizia

Mama, mlezi, tukumbuke mambo matano. Mzio hauongezi hatari ya kushikwa na korona. Pumu iliyotulia haiongezi sana hatari. Pumu iliyoachwa bila dawa ndiyo ya kuogopwa. Pampu ya kukinga itumike kila siku, na pampu ya kutuliza isikose nyumbani. Na dalili za hatari hazingoji asubuhi.

Kesho kabla ya kazi, itoe pampu ya mtoto ulipoiweka. Itikise, isome tarehe ya mwisho ya kutumika, na uone kama dawa bado imo. Mwambie mwalimu wake kwamba ana pumu, na mwonyeshe pampu inakaa wapi. Hiyo ni kazi ya dakika 10.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi cha akina mama

1. Ni vitu gani katika nyumba yako vinavyoweza kumchokoza mtoto mwenye pumu?
2. Kwa nini baadhi yetu huficha pampu? Tufanye nini ili mama asione haya?
3. Mtoto akibanwa saa 8 usiku, ni nani mtaani kwenu atakayewapeleka hospitali?